KOIKOI HALAZIMISHI SAFARI

Leo fungua Yeremia 8:7. Nabii anamtaja koikoi, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mdomo mwekundu, na kusema kwamba anajua majira yake. Mstari huo nimeuhubiri miaka mingi, lakini niliuona kwa macho mwezi wa Machi, nikiwa Israeli na kikundi cha waumini, katika bonde la Beit She'an karibu na Yordani.

Tulipita hapo asubuhi na mapema. Shambani walikuwa wamesimama mamia ya koikoi, kimya kabisa. Walikuwa wanarudi Ulaya kutoka huku kwetu Afrika. Inakadiriwa kwamba ndege milioni 500 hupita juu ya nchi ile ndogo mara 2 kila mwaka, na watu hutoka mbali na darubini zao kuja kuwatazama. Nilitarajia wataruka jua likichomoza. Hawakuruka. Saa moja, saa mbili, bado wamesimama tu.

Sababu ni hii. Koikoi ni mzito, hawezi kupiga mabawa bara mpaka bara. Anangoja jua lipashe ardhi joto, hewa moto ianze kupanda. Hapo anatandaza mabawa, anazunguka huku akibebwa juu, kisha anateleza angani mpaka penye hewa nyingine inayopanda. Ilipofika saa tatu hivi, mmoja alipaa, wengine wakafuata, na shamba likabaki tupu. Hakuna aliyesema nitaenda kesho.

Tena Bahari ya Mediterania iko pale karibu. Kwenye ramani, kukata baharini ndiyo njia fupi. Lakini juu ya maji hewa ile ya kumbeba ni haba, na akichoka hana pa kutua. Kwa hivyo anazunguka kwa nchi kavu: Sinai, Israeli, Syria, Uturuki. Njia ni ndefu, lakini inambeba.

Mpendwa, kuna mtu anasoma hapa na hati ya shamba la baba yake iko mezani. Ajenti amempigia simu mara tatu: lipa leo, kazi ya Ng'ambo haingoji. Mkataba hajauona. Mama amesema hapana. Moyoni hana amani, lakini wenzake wameshaenda na wanatuma picha, naye anaogopa kubaki nyuma.

Ndugu yangu, dada yangu, hiyo ni bahari. Usiikate kwa nguvu zako. Sijasema usisafiri, koikoi husafiri kila mwaka. Nasema usiuze kitu ambacho hutaweza kukirudisha kwa sababu tu mtu anakuharakisha. Omba. Uliza. Soma mkataba na mtu anayeelewa. Mlango wa Mungu hauogopi maswali.

Na wewe ambaye Mungu alishafungua, karatasi ziko sawa, wazazi wamebariki, lakini umekaa shambani unaogopa: ondoka. Hewa ikishapanda, kusimama si imani tena.

Tuombe: Baba, uliyempa koikoi kujua majira yake, mpe mtoto wako anayesoma hapa kujua ya kwake. Mzuie asipobebwa, na umwinue wakati wako ukifika. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, na umtumie yule unayejua yuko karibu kutia sahihi. Barikiwa.