Gardeni, na Kisima cha Mamangu



Mgeni ashukaye Amu huonyeshwa Mkomani kwanza: majumba ya mawe, milango ya nakshi, vichochoro ambamo punda wawili hawapishani. Huonyeshwa na Ngome, ambayo sisi tulipokuwa watoto tuliijua kuwa ni jela, kwani wafungwa hawakuhamishwa humo hadi miaka ya themanini. Ni wachache wanaoongozwa upande wa kusini, wakaipita Langoni penye Msikiti wa Riyadha, kisha wakapanda nyuma ya mji hadi Gardeni. Mji wa kale ulipoandikwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, zilipimwa hekta 16 hivi, na kamba ya wapimaji haikufika kwetu.

Huko ndiko nilikokulia. Wazee wetu ni Wabajuni waliozihama bara na visiwa vya kaskazini kwa ajili ya vita vya shifta, katika miaka ya sitini. Babangu alikuja na mashua yake, mke, mikeka miwili na msahafu uliofungwa kitambaani. Mamangu akauza bangili zake, akanunua kiwanja. Nyumba ilikuwa ya boriti za mikoko na udongo wa kukandika, paa lake makuti, na jirani zetu wote walijenga vivyo hivyo. Kwa fedha iliyobakia mama aliwalipa wachimbaji, kikapatikana kisima uani.

Ua ule haukuwa na mlango. Baada ya Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na sauti ya ndoo ya bati ikigonga mawe, na wanawake wakisalimiana kwa sauti ya chini ili wasiwaamshe wanaume waliorudi kuvua. Kamba ilikuwa ya makumbi, nayo ilichubua viganja. Mimi niliwahi mwisho wa zama za kuandika juu ya ubao chuoni. Tulipokwisha kuhifadhi, tuliuosha ubao kwa maji ya kisima kile, na mwalimu alitusimamia tuyamwage shinani mwa mkunazi, mahali pasipokanyagwa, kwa kuwa yalikuwa yamebeba maneno ya Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Ramadhani sahani zilitoka nyumba hii zikaingia ile kabla ya adhana ya Magharibi. Mama hakukubali kurudisha sahani ya mtu tupu, hata kama cha kutia ndani ni tende tatu tu.

Sitaki msomaji adhani kuwa kila cha zamani kilikuwa kitamu. Tulizika watoto wachanga wengi kwa maradhi ya tumbo, na leo ninaamini kuwa baadhi ya maradhi hayo yalitoka katika maji yale yale ninayoyasifu. Dada yangu alitolewa skuli akiwa bado ana hamu ya kusoma, na hakuna aliyemuuliza. Na makuti, kwa ubaridi wake wote, tuliishi tukiyaogopa.

Nilikuwa na miaka saba hivi usiku ule moto ulipozuka mtaani. Kijinga kimoja, upepo wa kusi, na paa likawasha paa. Wanaume walipanda kuvua makuti ya nyumba ambazo hazijashika. Wanawake walipanga safu kutoka kisimani kwetu hadi penye moto, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na baadhi yao buibui zilikwisha kuwadondoka wala hawakuwa na habari. Ziliteketea nyumba nne. Ya tano ilisalimika, naye mwenyewe asubuhi akaja uani kwetu na pesa ndani ya leso, akisema ni haki ya maji.

Mama alikuwa akichuja nazi. Hakuipokea ile leso. Alisema, mbele yangu na mbele ya jirani mmoja aliyekuwa akimsaidia: "Mai haya si yangu wala si ya wanangu. Kisima hiki nimekitoa sabili."

Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, nikayasahau, na mwaka huu yamerudi kunidai.

Gardeni ya sasa si ile. Makuti yalifuatwa na mabati, mabati yakafuatwa na zege, na nyumba zimepanda ghorofa hadi jirani anaona kilichomo sufuriani mwako. Nyua zimezungushiwa kuta zenye vipande vya chupa juu. Pikipiki, ambazo utotoni mwetu tuliziona Mombasa tu, hupita mahali tulipokuwa tukicheza. Tangu bandari mpya ilipozinduliwa mwaka 2012, na zaidi gati la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2021, wapangaji kutoka bara wameongezeka na bei ya kiwanja haishikiki. Si wabaya hao. Jirani yetu wa ukuta ni fundi kutoka bara, na mkewe humsalimu dada yangu kila siku. Ila watoto wao na wetu hawajui majina.

Mamangu alirehemewa miaka mingi iliyopita na nyumba haikugawanywa, kosa ambalo mimi ninayewafundisha watu mirathi sina udhuru nalo. Sasa ndugu yangu ametaka tugawe, apate kujenga nyumba ya kupangisha. Ana haki. Yeye ni mvuvi, na maeneo aliyokuwa akivua ndiko ilikochimbwa njia ya meli. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi 4,600 hivi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, lakini hukumu ya mahakama haikaangwi. Sisi ni wana wawili wanaume na mmoja mwanamke: mafungu matano, mawili, mawili, moja. Mchoro wa fundi umeiweka nguzo ya nyumba juu ya kisima.

"Maji yenyewe yamekuwa ya chumvi, na vyoo vimekizunguka pande zote," ndugu yangu aliniambia. "Bomba la maji ya Shela limefika. Nani atakilia?"

Nikamwambia niliyoyasikia. Aliyetoa kitu sabili amekitoa milkini, na kisichokuwamo milkini hakirithiwi. Akaniuliza shahidi wangu ni nani. Swali la haki kabisa. Aliyeshuhudia utotoni akiwa na akili ya kupambanua, kisha akatoa ushahidi baada ya baleghe, husikilizwa. Lakini mimi ni mrithi pia, na kukiri kwangu kunalifunga fungu langu tu, si la ndugu yangu wala la dada yangu. Wala mtu hawi kadhi katika kesi yake mwenyewe. Tumekubaliana twende kwa Kadhi.

Siku nyingi nimemfikiria Sahaba Saad bin Ubada, radhi za Allah ziwe juu yake. Alifiwa na mamake, akamuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ni sadaka gani iliyo bora. Akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mamake. Mimi sikuambiwa nichimbe. Nimekikuta kimechimbwa.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumtafuta yule jirani aliyekuwa akimsaidia mama. Yu hai, anaishi kwa mjukuu wake, ghorofa ya pili, na ngazi zimemshinda. Pale Gardeni mimi si sheikh kwa mtu. Aliniita kwa jina la utotoni, akaniuliza mbona nimekonda. Nilipomtajia asubuhi ile ya leso alinyamaza kitambo.

"Nazi ilikuwa ya wali," akasema. "Nakumbuka na mtu mwenyewe, na leso yake ya kijani. Nitasema, mwanangu, lakini huyo Kadhi na aje yeye. Mimi ngazi siziwezi."

Akanituma nimtekee ndoo moja ya kufulia kabla sijaondoka. Nikashuka hadi kwetu. Kamba siku hizi ni ya nailoni. Nilionja kwa kiganja kabla ya kupandisha: chumvi kweli, kama alivyosema ndugu yangu.