Kosa Hukaa Mlangoni

Nyumba ya Fundi imebomolewa. Hakuna aliyeniambia. Nilipita Mtaa wa Sikukuu Jumamosi moja nikitafuta skrubu, nikakuta mabati yamezungushwa, na nyuma ya mabati shimo. Kariakoo mashimo ya namna hiyo hayana habari: leo nyumba ya vyumba sita yenye baraza, kesho nondo, mwakani ghorofa tisa zenye fremu za kuuza makava ya simu. Nilihesabu nyumba kuanzia kona, maana bila ule mlango wake wa mbao sikuwa na hakika kwamba ni pale.

Mpwa wangu, aliyekuwa amenishikia mfuko, akauliza, "Anko, hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na Fundi."

"Fundi wa nini?"

Nikakwama. Watu wa cherehani walikuwa mafundi cherehani, wa bomba mafundi bomba, lakini yule wa Sikukuu aliitwa Fundi basi, na ukimwambia mtoto "mpelekee Fundi" hakuuliza yupi.

"Na hiyo skrubu ya nini?"

"Ya seva."

"Bado unayo ile seva? Si upandishe vitu vyote klaudi, Anko, ulale usingizi."

Sikumjibu, kwa sababu seva ilikuwa imeniamsha usiku wa saa nane.

Nilikuwa naamini nilimjua Fundi 1981. Nimepekua, nikapata stakabadhi yake ndani ya kifuniko cha redio yetu ya National: 1983. Basi iwe 1983. Harufu ni ile ile. Ilikuwa harufu ya vitu vitatu kwa pamoja: utomvu unaoungua kwenye lehemu, vumbi linalopata moto juu ya zile taa za ndani ya redio za zamani, na kahawa ya muuzaji aliyeegesha birika lake barazani. Hadi leo nikinusa lehemu ikiyeyuka nageuka kutafuta kikombe.

Fundi alivaa koti la kaki lililochomwa matundu madogo madogo kifuani. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa waya wa simu. Skrubu alizipanga kwa ukubwa kwenye makopo ya Africafé, na ole wako urudishe moja kwenye kopo lisilo lake. Redio ikifika, hakuifungua. Kwanza aliiwasha, akakaa kimya, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa akihema. Kisha aligonga ubavu wa redio kwa mpini wa bisibisi. Kama mlio ulibadilika, alitabasamu, maana ugonjwa umeshajitaja: mahali fulani kuna kiungo kimelegea, lehemu iliyokufa au pini iliyoshika kutu. Kama mlio haukubadilika, alishusha pumzi, akavuta kopo la bisibisi ndogo.

Siku moja mama mmoja alileta redio iliyokufa kabisa. Fundi akafungua kifuniko cha betri, akatoa kifutio cha shule mfukoni, akasugua vile vibati vya shaba mpaka vikang'aa, akarudisha betri. Redio ikaimba. Mama akauliza bei. Fundi akamwambia anunue kahawa mbili, moja yake na moja ya kijana. Kijana nilikuwa mimi.

"Kosa, mwanangu, halikai chumbani," aliniambia mama alipoondoka. "Hukaa mlangoni. Pale kitu kinapoachia, kingine kinapopokea."

Alikuwa na sharti jingine, na hilo aliligombea kwa ukali: usiguse viwili kwa mara moja. Ukibadilisha waya na ukabadilisha swichi papo hapo, redio ikipona hujui umshukuru nani, na ikiugua tena huna pa kuanzia. Nilimwona akimfukuza mwanafunzi wake dukani kwa kosa hilo. Jioni alimwita tena.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini nilikuwa karani wa hesabu, na kwa kuwa nilijulikana nimekaa kwa Fundi, kila mashine iliyogoma nililetewa mimi. Ndani mwake nilikuta mkanda mpana wa nyaya uliounganisha diski na bodi kuu: pini 40, nyaya 40. Halafu kasi ikaongezwa, ikaja mikanda mipya. Pini zilibaki 40, nyaya zikawa 80. Nilidhani nimeuziwa takataka. Nikampelekea Fundi.

Aliukunjua mkanda kwenye nuru ya mlango, akahesabu kwa ukucha. "Hizi zilizozidi zinakwenda wapi?"

Nikamwambia nilivyosoma: zote zimefungwa kwenye ardhi. Hazibebi habari yoyote. Kila uzi wa habari una mmoja wa ardhi ubavuni, ili kasi ikipanda uzi huu usisikie mambo ya uzi ule.

Fundi alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Kuta," alisema. "Wamejenga kuta kuzuia umbea."

Sijapata maelezo bora zaidi tangu siku hiyo, na nimesoma vitabu vinene. Mkanda ule ulikuwa na adabu zake: ncha ya bluu kwenye bodi, nyeusi kwenye diski ya kwanza, ya kijivu kwenye ya pili, na usizidi sentimita 46. Wauzaji wetu walileta wa mita nzima, eti unafika vizuri. Ulifika, na umbea wake.

Hapa ni lazima nieleze neno basi, kwa kuwa mpwa wangu, nilipomwambia mashine inalalamikia hitilafu ya basi, aliuliza la Mbezi au la Gongo la Mboto. Hakukosea sana. Njia ya pamoja ambayo vifaa vya kompyuta hupitishia habari inaitwa hivyo kwa neno lile lile lililolipa gari jina, omnibus, Kilatini cha "kwa wote". Mfumo wa PCI wa miaka ya tisini ulikuwa Ikarus hasa, lile basi refu la UDA lenye kiungo cha mpira katikati kama kodiani: vifaa vyote ndani ya gari moja, nyaya zile zile, megabaiti 133 kwa sekunde za kugawana, na mmoja akijazana mlangoni wote wanachelewa. Kuanzia 2003 ikaja PCI Express, na hiyo si basi tena. Kila kifaa kina njia yake peke yake mpaka kwa mkuu, kama mwendokasi, tena bila vituo vya katikati. Lakini likitokea kosa, mashine bado inaandika "hitilafu ya basi". Gari limekufa, jina linaendelea kulipisha nauli.

Miaka iliyofuata ilikimbia. Mikanda mipana ikatoweka, ikaja kebo nyembamba za SATA zenye nyaya saba. Zikaja bodi zenye kapasita zinazovimba kichwa kama maandazi. Ukaja mkonga wa bahari, 2009, na vijana wakaanza kusema kuhifadhi ni ushamba. Fundi alifariki katika miaka hiyo ya mwendokasi kuanza, 2016 au kabla kidogo. Tulimzika Kisutu. Wanawe waliuza nyumba kwa utulivu, na mimi nani niwalaumu.

Seva nilikuwa nimeshaiunda. Nilikuwa na kaseti zaidi ya mia mbili, nyingi zilizorekodiwa pale pale kwa Fundi: taarabu za harusi za mtaani, hotuba za msibani, sauti ya mama akimtania shangazi. Kaseti zinaota ukungu katika joto la pwani, nikaamua kuzihamisha zote. Kasha nilinunua kuukuu, diski sita za terabaiti nne, na kadi ya kudhibiti diski iliyotolewa kwenye seva ya ofisi ya nje. Juu yake nikaweka ZFS, iliyopangwa ili hata diski mbili zikifa habari ibaki. Hiyo ZFS ina kazi moja ninayoipenda, ambayo wenyewe wanaiita kusugua: inasoma kila kipande ilichohifadhi na kukilinganisha na hesabu yake, na kikiwa kimeharibika inakirekebisha kwa habari ya ziada iliyo kwenye diski nyingine. Kibati na kifutio.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kwenye diski ya tatu. Kila diski ina daftari lake la afya, na mstari wenye namba 199 wa daftari hilo huhesabu mara ambazo habari imefika ikiwa imeharibika njiani, kati ya diski na kadi. Namba ilikuwa inapanda. Nikafanya kama wote wafanyavyo sasa: nikanunua diski mpya. Namba ikaanza kupanda kwenye diski mpya pia. Nilikaa sakafuni nikaona aibu, kama vile Fundi yuko mlangoni. Diski ni chumba. Nikabadilisha kebo, ile isiyo na kibanio, ya bei ya kutupa, na namba ikasimama. Hairudi sifuri, daftari lile halifutwi, inasimama tu.

Ugonjwa wa pili aibu yake ni yangu yote. Kumbukumbu za mfumo zilianza kujaa mstari mmoja: hitilafu ya basi ya PCI Express, ukali wake "imesahihishwa", tabaka lake la chini kabisa, la umeme wenyewe. Mara kumi kwa siku, kisha mara mia, kisha mamia kwa saa. Nikasoma kwamba habari haipotei: pakiti ikifika vibaya, mpokeaji anaikataa na mtumaji anaituma tena, kama karani na mwenzake wa dirishani. Ni kweli. Nikasoma pia kwamba ukiongeza neno pci=noaer kwenye amri za kuwasha, mashine huacha kuripoti. Nikaliongeza. Kimya kikarudi, nami nikalala miezi saba.

Hebu fikiria mtu anafika kwa Fundi, redio inakwaruza, naye anamwambia, "Punguza sauti."

Usiku wa saa nane diski zote sita zikatoweka kwa mkupuo. Diski sita haziwezi kufa dakika moja; kilichokufa ni mahali zinapokutana. Nilipowasha upya zilirudi zote, na kusugua kulikuta uharibifu kidogo uliorekebishika. Sauti ya mama ilikuwepo. Nilifuta lile neno la kunyamazisha, mistari ikafurika tena, na safari hii nikakaa kuisikiliza.

Asubuhi nilipeleka swali madukani. Kijana wa kwanza akaniambia ninunue kadi mpya. Wa pili akaniambia ninunue bodi mpya. Wa tatu, wa heshima kweli, akasema, "Shikamoo mzee, hiyo mashine yote imepitwa, chukua hii." Si wezi. Wamefundishwa kwamba kazi ni kubadilisha, na katika simu zilizogundishwa kwa gundi kila upande hata wangetaka kufungua wangefungulia wapi? Lakini inaniudhi. Hakuna aliyeuliza kadi imekaaje.

Nikaanza moja moja. Nilihamishia kadi nafasi nyingine: makosa yakapungua, hayakuisha. Niliirudisha. Niliteremsha kasi ya njia ngazi moja kwenye mipangilio ya bodi: yakapungua tena. Kiungo kinachovumilia mwendo wa polepole na kukataa wa haraka ni kiungo kichafu au kilicholegea, kama daraja bovu linalobeba baiskeli. Nikarudisha kasi. Niligusa bamba la kupozea la kadi, nikaondoa kidole haraka: kadi hizi zimeumbwa kwa makasha yenye upepo wa kimbunga, na kwangu ilikuwa ikichemka kimyakimya. Nikafunga feni ndogo. Yakapungua.

Kisha nikaichomoa. Makali yake ya dhahabu, yanayoingia kwenye nafasi, yalikuwa na utando mweusi, chumvi ya hewa yetu na miaka ya joto. Upande mmoja utando ulikuwa mpana kuliko wa pili, maana yake kadi ilikuwa imekaa kombo. Nikatazama nyuma ya kasha. Skrubu inayoshika kadi haikuwepo, na nilipofikiri vizuri nikakumbuka kwamba haikuwahi kuwepo. Sikuwa nayo siku ile ya kuunda. Nikasema nitaitafuta kesho.

Ndiyo skrubu niliyoifuata Sikukuu.

Mpwa wangu ndiye aliyeipata, kwa mzee wa spea wa barazani, ndani ya kopo. Nilimpa kifutio, nikamwonyesha asugue kuelekea nje, asirudi nyuma, asiguse dhahabu kwa kidole. Akasugua kwa subira ambayo sikuitegemea. Tukairudisha kadi, akakaza skrubu. Kwa saa kumi na mbili hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa, naye akauliza kama sasa tuweke lile neno la kunyamazisha.

"Hapana," nikamwambia. "Acha iseme."

Jana usiku, na mvua ya vuli ikinyesha, ilisema mara moja. Nikaamka nikaichungulia.