Unataka Simu, au Unataka Vilivyomo?

Simu iliyozima jumla hufika mezani kwangu, hapa Kariakoo, ikiwa imeshahukumiwa. Jirani kasema ni betri. Shemeji kasema ni kioo. Fundi wa mtaani kwao kasema bodi imekufa, tafuta nyingine. Mimi kabla sijashika bisibisi huuliza: unataka simu, au unataka vilivyomo? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Hunyamaza kidogo, halafu huanza kutaja kimoja kimoja: picha za harusi, namba za wateja, rekodi za sauti za marehemu baba, cheti cha mtoto kilichopigwa picha. Kumbe simu yenyewe wangeweza kuiacha.

Swali hilo naliuliza mapema kwa sababu jibu ndilo linaloamua kazi. Anayetaka simu tu, nina njia nyingi za kumsaidia. Naweza kumwekea bodi nyingine, naweza kufuta kila kitu na kupakia programu upya, na mara nyingine namwambia wazi kwamba gharama haistahili. Anayetaka vilivyomo hana njia hizo. Kwake lazima bodi ileile iamke, hata kama ni kwa saa moja tu, saa ya kuhamisha vitu.

Zamani fundi mwenye vifaa aliweza kuing'oa memori kwenye bodi, akaisoma pembeni na kutoa picha zote. Kwa simu za sasa mlango huo umefungwa. Simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10, la mwaka 2019, na matoleo yaliyofuata, ni lazima ziwe zinafunga data zake kwa ufunguo, na iPhone zina sehemu maalumu ya kutunza funguo ndani ya prosesa tangu iPhone 5s ya mwaka 2013. Memori ikitengana na prosesa iliyozaliwa nayo, unachokisoma ni takataka. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kwamba atakubadilishia bodi na picha zako utazikuta, anakudanganya au hajui anachokisema.

Wapo wanaolia hela. Hao huwa natoa laini palepale, naitia kwenye kitochi, na mwenyewe anaangalia salio lake. Hela ya M-Pesa au Airtel Money haikai ndani ya simu, inakaa kwenye akaunti yako kwa kampuni, nawe unaifikia kwa laini na namba ya siri. Nimeona mama akishusha pumzi kwa kuambiwa hilo tu, na simu bado imezima.

Baada ya hapo nauliza historia. Ilizima ikiwa kwenye chaji? Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Ilianguka? Iliingia maji, na yalikuwa ya aina gani? Ilikuwa inajisasisha programu? Na je, nani ameshaifungua? Swali hili la mwisho hujibiwa "hakuna" hata pale ambapo vichwa vya skrubu vimeparuzika na mbili hazipo. Nawaomba watu waseme ukweli hapa. Sisemi hivyo ili nimlaumu fundi mwenzangu. Nataka kujua moto wa kuchomelea ulipita upande gani wa bodi.

Nyingine hazijazima, ila zinaonekana zimezima. Ipigie. Ikiita au ikitetema, simu inaishi, kilichokufa ni kioo. Chungulia tundu la chaji kwa tochi, utakuta vumbi na nyuzi za mfukoni zimeshindiliwa mpaka pini ya chaja haifiki mwisho. Kijiti cha meno cha mti kinatosha kuzitoa taratibu, lakini sindano itapinda pini. Simu iliyolala kabatini wiki nyingi betri yake hushuka mpaka ulinzi wa ndani unaikata, na ukiichomeka kioo kinaweza kubaki cheusi nusu saa nzima kabla ya alama ya chaji kutokea. Watu huichomoa dakika ya 5 na kusema imekufa. Na kama programu ndiyo iliyoganda, ilazimishe kuanza upya. Kwenye iPhone 8 na zilizofuata bonyeza kuongeza sauti uachie, kupunguza sauti uachie, kisha shikilia kitufe cha ubavuni mpaka nembo itokee. Kwenye Samsung nyingi shikilia kupunguza sauti pamoja na pawa kwa sekunde 10 au zaidi. Kuanza upya namna hii hakufuti kitu. Ila ukiona imekuletea menyu ya maandishi matupu, usichague chochote kinachotaja kufuta data. Na kama mgongo wa simu umefura, usiichomeke kabisa.

Ikishindikana kwa hayo, naifungua. Naitoa betri na kuiunga bodi kwenye pawa saplai, volti 4 na pointi kidogo, kama betri iliyojaa. Macho yangu hayatazami simu tena, yanatazama tarakimu za ampia. Kabla sijabonyeza kitufe zinatakiwa zisome sifuri. Zikisoma kitu, kuna mahali umeme unavuja. Nabonyeza. Zikibaki sifuri, natafuta kwenye kitufe chenyewe, fleksi yake, na njia za umeme kuelekea IC ya pawa, yaani chipu inayogawa umeme. Zikipanda hadi kama miliampia 80 na kuganda hapohapo, bodi inajaribu kuamka na inakwama, na shaka yangu inahamia kwenye memori, prosesa au programu. Zikiruka kupita ampia nzima na saplai ikakata, hiyo ni shoti. Na zikipanda, zikashuka kidogo, zikapanda tena zikichezacheza, basi simu inawaka, hata kama kioo ni giza. Namba zenyewe hutofautiana toleo kwa toleo. Mwendo wa tarakimu ndio unaonieleza.

Kupima kote huko ni kazi ya dakika chache, na ndiko kunakorukwa sana katika ufundi wetu. Asiyepima huanza kuchoma. Anaelekeza blowa ya nyuzi joto zaidi ya 350 kwenye IC anayoishuku, wakati jirani yake iko prosesa ambayo kwenye simu nyingi imebebeshwa memori mgongoni. Bodi nyingi zinazonifikia zikiwa hazirudi tena hazikuuawa na maji wala umeme. Ziliunguzwa mezani na mtu aliyekuwa anabahatisha.

Na wateja nao wana sehemu yao. Mteja yuko tayari kulipia kioo, yuko tayari kulipia betri, kwa sababu anakishika mkononi. Kulipia kupimiwa hataki. "Yaani unanitoza kwa kuangalia tu, fundi?" Basi fundi kijana mwenye kodi ya fremu kichwani anaona heri abadilishe kitu chochote, apate cha kuandika kwenye risiti. Mimi kupima natoza, na ninasema kabla sijaanza. Wapo wanaoondoka. Nawaacha waende.

Nieleze kazi moja. Dada mmoja anayenunua samaki soko la Feri na kuwapelekea wenye hoteli aliniletea simu iliyotumbukia kwenye boksi la samaki, ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka, yaliyochanganyika na chumvi ya bahari. Aliifukia kwenye mchele hadi kesho yake, akaichomeka chaji, ikapata joto kisha ikazima jumla. Fundi wa kwanza alimwambia bodi imekufa. Nilipomuuliza anataka nini, hakusita: kwenye simu ile kulikuwa na picha za hati za kupokelea samaki zenye sahihi za wapokeaji, na bila hizo wahasibu wa hoteli wasingemlipa.

Mchele hauvuti maji yaliyoingia chini ya vifuniko vya bati vya bodi. Hata ungeyavuta, chumvi ingebaki palepale. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasiweke simu iliyolowa kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuiharibu. Na kosa la kuua kabisa ni kuchomeka chaji. Chumvi na maji vikipata umeme hula shaba kwa kasi ya kutisha.

Niliinua bati la upande wa chaji na kukuta ukoko wa kijani umejaa miguuni mwa IC. Nilisugua kwa spiriti ya asilimia 99 na brashi laini, nikakausha, nikapima kwa mita: njia kuu ya betri ilikuwa imegusana na ardhi. Shoti. Hapo sasa ilibidi kuitafuta. Nilipaka moshi wa rosini juu ya bodi mpaka ikawa nyeupe kama imenyunyiziwa unga mwembamba, nikatia volti 1 tu, isiyoweza kuunguza kitu kizima. Kwa sekunde kadhaa hakikutokea kitu. Kisha kapasita moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikayeyusha weupe wake na kuonekana wazi katikati ya wenzake. Nikaing'oa kwa ncha ya chuma cha lehemu. Kapasita za njia ile ziko nyingi zikifanya kazi ileile, ikiondoka moja simu inaendelea. Nikapima tena: shoti hakuna.

Nilibonyeza kitufe tarakimu zikapanda, zikashuka, zikapanda. Nilipounga kioo nembo ilikuwa imeshatokea. Lakini kazi hii inaweza kufia hapahapa pia, na watu hawajui. Simu ikianza upya haikubali kidole. Inataka namba au mchoro. Nimefufua simu ambazo wenyewe walikuwa wamezoea kidole miaka na miaka, namba wameshaisahau, na vilivyomo vikabaki humo humo. Dada huyu alikuwa anaikumbuka yake. Nilimwambia, "Usijibu meseji, usimpigie mtu, kwanza tutoe." Tukaunga waya kwenye kompyuta, tukahamisha picha zote, akahakikisha mwenyewe kwamba zinafunguka. Ndipo nikamweleza kwamba chumvi iliyojificha chini ya IC sijaimaliza na asiitegemee simu ile. Alitembea nayo miezi kadhaa, siku moja ikazima moja kwa moja, na hakuirudisha. Alikuwa hana anachokidai tena humo.

Hatari nyingine kubwa ni kuflash, yaani kupakia programu upya. Simu nyingi za bei ya kawaida tunazotumia, zikiwemo nyingi za Tecno na Infinix, hutumia prosesa za MediaTek, na ikiharibika programu ya kuwashia tu, simu huonekana maiti kumbe ukiichomeka kwenye kompyuta inatambulika kwa sekunde chache kisha inapotea. Hiyo ni habari njema, prosesa ni nzima. Programu ya kuflash huwa inakupa uchaguzi: kupakia sehemu zilizoharibika tu, au kufuta vyote kwanza. Ukiweza kupakia sehemu za kuwashia peke yake, picha zinasalimika. Kufuta vyote ni rahisi, kunakubali mara nyingi, simu inawaka kwa nembo na muziki, mteja anashangilia, halafu anafungua galari haina kitu. Tena kufuta vyote kunaweza kuondoka na namba za IMEI, simu ikawaka lakini isishike mtandao. Kumwandikia mtu IMEI ya kubuni hapa Tanzania ni kosa la jinai. Nami huo si ufundi ninaoukubali.

Kwa vijana wanaojifunza, iwe VETA au chini ya mkono wa fundi mkubwa, ningependa mwalimu awakabidhi mita na pawa saplai kabla hajawakabidhi blowa. Kijana akiweza kusimama mbele ya bodi na kusema "inakula miliampia kadhaa kabla ya kubonyeza, kwa hiyo inavuja", huyo ameshaanza kuwa fundi.

Nawe msomaji, leo hii simu yako ikiwa bado inawaka, hifadhi nakala ya picha na namba kwenye akaunti yako au kwenye kompyuta, na ijaribu ile namba ya kufungulia uone kama unaikumbuka. Ikiingia maji, izime, toa laini, usiichomeke, ilete siku hiyohiyo. Na siku ikizima jumla, kabla hujaikabidhi kwa fundi yeyote, mwambie kwa kinywa chako kama unataka simu au unataka vilivyomo, na kwamba asiflashi wala asibadilishe bodi bila kukupigia. Akikujibu kwamba hayo ni yaleyale, chukua simu yako utafute fundi mwingine.