Ua la sebuleni, mpaka wa kibanja

Kimya kilikuwa kirefu, kazi za habari zinakula muda. Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika maua. Msicheke!

Siku hizi ukiingia kwenye nyumba za vijana hapa Bukoba mjini, iwe Kashai, Hamugembe au Rwamishenye, hukosi kuona kopo la ua pembeni ya televisheni. Mara nyingi ni lile lenye shina kama fimbo na majani marefu kama ya mahindi, yenye mstari wa njano katikati. Mwenzangu mmoja wa kazini alilinunua shilingi 25,000, akaniambia kwa fahari kwamba limetoka Ulaya.

Ulaya wapi, jamani! Wataalamu wanaliita Dracaena fragrans, na asili yake ni Afrika hii hii ya joto na mvua. Hilo la mstari wa njano ni aina iliyochaguliwa na wauza maua, lakini ndugu zake wa kijani wako kwenye vibanja vya Muleba toka enzi za mababu. Sisi Wahaya tunauita mulamula, na jina hilo linakwenda na kulamula, yaani kuamua shauri. Ndio mmea wa mpakani: changu kinaishia hapa, chako kinaanzia pale. Wachaga nao wana sale, wa ukoo huo huo, wanaoupanda mpakani na kuupeleka kwa mtu wanapomwomba msamaha.

Bibi yangu ana miaka 81. Mwaka jana miguu ilimshinda, tukamtoa Muleba na kumleta mjini kwa mama ili awe karibu na hospitali. Nguo alibeba chache. Alichokumbatia njia nzima ni vipande vinne vya mulamula, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Vyote vimeota, viko sebuleni kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini kwa msumari.

Ua la mwenzangu likawa na hali mbaya. Majani yakawa ya njano, shina likalegea. Nikamsimulia bibi. Akauliza swali moja tu: "Analinywesha mara ngapi?" Kila asubuhi, nikamjibu. "Basi analizamisha."

Na ndivyo ilivyo. Mizizi inataka maji, lakini inataka na hewa. Udongo ukishinda tope, hewa inakosa pa kupita, mizizi inaoza, na mmea uliooza mizizi unanyauka kama wenye kiu. Mwenye ua akiona hivyo anaongeza maji! Tena Bukoba si Dodoma. Hapa tunapata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka na ziwa liko mlangoni, kwa hiyo kopo halikauki upesi. Ratiba ya kumwagilia uliyoisoma kwenye intaneti pengine iliandikiwa mtu wa hali nyingine kabisa ya hewa.

Bibi hana ratiba. Anachomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kukiwa na ubichi, anaacha. Kukiwa kukavu, anamwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha yale ya kwenye sahani yanamwagwa. Udongo wake ni wa kibanja, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Ndoo inakaa karibu na dirisha lakini jua kali haliipigi, kwa sababu mulamula umezoea kivuli, na jua la moja kwa moja linaunguza majani. Kila wiki anataka ndoo igeuzwe kidogo ili mmea usiinamie upande mmoja, na majani yafutwe vumbi kwa kitambaa kibichi. Akiona vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, anawafuta kwa maji ya sabuni. Jani moja moja la chini likizeeka na kukauka, hashtuki. Wenye paka na mbwa tu wawe macho, maana majani yake yana sumu kwao.

Kuna na hili la kusafisha hewa. Ni kweli mwaka 1989 watafiti wa NASA walijaribu mimea ya ndani, dracaena ikiwemo, na ikapunguza kemikali hewani. Lakini lilikuwa jaribio la ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo na kukuta kwamba ili mimea ifanye kazi ya hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida, ingehitajika 10 hadi 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha tu, ndugu yangu.

Sasa kwa nini tuitunze? Mimi jibu nimelipata nyumbani. Mwezi uliopita tulipigiwa simu kutoka kijijini: upande wa chini wa kibanja, milamula mitatu haipo tena. Aliyeing'oa hajulikani. Baba mdogo akasema tuweke nguzo za zege, au tuuze kabisa kwani hakuna anayeishi pale. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia zile ndoo. "Mvua za Septemba zikianza mnipeleke. Na majirani waitwe wote, maana mpaka haupandwi kwa siri."

Hakuna aliyebisha. Kama ataiweza safari hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Kazi niliyopewa mimi ni kuhakikisha vile vinne vinafika Septemba vikiwa hai. Vitatu vya kuziba pengo, kimoja kibaki nasi mjini.

Wiki njema, wadau. Na kabla ya kumwagilia, kidole kwanza!