Jiwe halikuteleza



Kwetu Idjwi magari ni machache. Pirogi tunaifunga kwa kamba, basi, inalala. Lakini wakati wa likizo nilivuka kwenda Bukavu kumsaidia baba mdogo katika teksi yake, gari ya Japani, usukani upande wa kuume, ya otomatiki. Kazi yangu ilikuwa kukusanya pesa na, tukisimama mulimani, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Na Bukavu milima haikosi.

Vijana wa parkingi walinicheka: "Wee! Otomatiki inafungwa na P, jiwe ya nini?" Nikaona haya.

Ile siku, kule Kadutu, baba mdogo alitia P, akashuka kununua makala. Mi nikaacha jiwe chini ya kiti. Mara nikasikia "ka!", gari ikaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu mama mmoja alikuwa ameinamia beseni yake ya tomati. Baba mdogo aliruka ndani, akavuta freni ya mkono. Gari ikasimama, imebaki hatua mbili tu kumfikia yule mama.

"Jiwe iko wapi?"

Nikajibu: "Imeteleza."

Kwenye garaji fundi alifungua sanduku la vitesi, akatuonyesha. Ndani mna gurudumu la meno, linalozunguka pamoja na matairi. Kando yake kuna kidole cha chuma. Ukitia P, kidole kinasukumwa kati ya meno mawili, gurudumu linafungwa. Kama kidole kimekuta ncha ya jino, resori inakikaza mpaka gari isogee kidogo, ndipo kinaingia. Lakini ukitia P gari ingali inatembea, meno yanakipiga, ta-ta-ta, na kukila. Chetu kilikuwa kimeliwa ncha. Kitu kidogo vile, na kila siku kilibeba uzito wa gari nzima mulimani!

Fundi akasema: "Shika freni ya mguu, tia N, vuta freni ya mkono, achilia mguu ili gari ilalie ile freni. Kisha njo utie P. P ya gari hii inashika matairi ya mbele, freni ya mkono inashika ya nyuma. Na mulimani, ongeza jiwe."

Baba mdogo alilipa, akasema kosa ni lake, anatiaga P kwa haraka. Mimi nilinyamaza siku tatu. Jumapili, kisha ibada, nikamwambia: jiwe halikuteleza, sikuliweka.

Hakunipiga. Alinitazama sana, akasema: "Ungemuambia nini mutoto wa yule mama?" Nilikosa jibu. Kesho yake akanipa jiwe mkononi, tukaenda kazini.

Wenzangu, haraka ilikula kidole, lakini haya yangu ndiyo iliyoacha jiwe chini ya kiti. Mtu akikucheka kwa kazi uliyoagizwa, wewe ifanye tu. Mungu atusaidie.