Ngamia wa Baba Kule Elwak

Ndugu zangu wawili walinituma Elwak nikauze ngamia wa baba. Sitakuficha, msomaji: nilipopanda basi la Mandera pale Mwingi, Juni mwaka 2024, sikuamini kuwa kuna ngamia yeyote. Niliamini kuna mzee mmoja mjanja aliyezoea kumpigia baba simu kila baada ya miezi mitatu minne na kumwambia, "Mwalimu, ngamia iko," kisha baba akashinda siku nzima akitabasamu.

Baba alianza kufunza katika shule moja ya msingi kule Elwak mwaka 1996. Sisi watoto tulimwona Aprili, Agosti na Desemba tu, akishuka kwenye lori au basi akiwa mweupe kwa vumbi, mkobani ana kopo la nyirinyiri. Majirani walimwonea huruma. Siku hizo mtumishi wa serikali aliyepelekwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki alidhaniwa ameadhibiwa, lakini baba hakuomba uhamisho hata mara moja. Mwaka 2007 alitoa akiba yake yote akanunua mtamba wa ngamia, akamwachia rafiki yake amchunge pamoja na wake. Rafiki huyo alikuwa mzazi wa vijana wawili aliowafunza. Mama hakumsemesha kwa wiki mbili.

"Wenzako wananunua ploti Matuu," alimwambia hatimaye, "wewe unanunua nundu."

Ikaja tarehe 22 Novemba 2014. Basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo ya Krismasi. Baba alikuwa amesafiri siku chache kabla. Januari ilipofika, mama alilificha begi lake kwa jirani. Walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine za nchi hawakurudi huko mwaka huo, na madarasa yakabaki bila wa kuyafunza. Baba naye hakurudi. Aliondoka Elwak bila kuaga, na nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe.

Sasa ameanguka na kuvunjika nyonga, na hospitali inataka pesa. Ndugu zangu wakauliza: ngamia huyo asipouzwa leo, atauzwa lini?

Barabara ni ndefu. Tulivuka daraja la mto Tana kuingia Garissa, vitambulisho vikakaguliwa, tukasonga hadi Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj na Kotulo. Ardhi ni tambarare kiasi kwamba kichuguu cha mchwa huonekana kama mlima. Kaunti ya Mandera pekee ina ukubwa wa karibu kilomita mraba 26,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 867,457. Hesabu hiyo ukiitafuta kwa macho dirishani huioni. Utaona kichaka, halafu kichaka, halafu shingo ya ngamia juu ya kichaka.

Tulipokaribia Elwak, mama mmoja niliyeketi naye alinigusa bega. Akanikumbusha kuwa ni pande hizo ambako basi jingine lilishambuliwa tarehe 21 Desemba 2015. Wauaji waliamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, na Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavisha wenzao hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, aliyekataa kutengwa na wenzake, alipigwa risasi, na akafariki Nairobi Januari 2016. Mama huyo alisimulia haya kwa sauti ya chini, kisha akanipa tende.

Elwak imekaa juu ya udongo mweupe wa jasi. Baba aliwahi kutuambia kuwa kila mara alipoagiza chaki alicheka peke yake, kwa sababu chaki hutengenezwa kwa jasi, naye alikuwa amesimama juu ya jasi ya kuwatosha walimu wote wa Kenya. Jina la mji lina maneno mawili: kisima, na Waaq, jina la Mungu lililotumiwa na Wasomali na Waoromo kabla ya Uislamu. Visima hivyo ndivyo vilivyouzaa mji. Ni vya kale sana, na masimulizi ya wenyeji husema vilichimbwa na watu waliowatangulia, Wamadanle, majitu ya ajabu. Kwa ajili ya maji hayo Wagarre, Wadegodia na Wamarehan wameoana, wamefanya biashara na wamepigana.

Elwak ziko mbili. Wakati Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925, mpaka ulipita hapo, na ng'ambo yake, katika Gedo ya Somalia, kuna Elwak nyingine. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast yaliwashambulia Waitaliano mahali hapo na kuwashinda. Ndiyo sababu mji wa Accra, Ghana, una uwanja unaoitwa El Wak. Sidhani mashabiki wa huko wanajua ni visima vya ngamia.

Mpaka huo ulikuwa umefungwa rasmi kwa miaka mingi, lakini madukani niliona sukari na tambi ambazo sikuhitaji kuuliza zimepitia wapi. Miraa inatoka Meru, ng'ombe na mbuzi wanashuka Garissa na Nairobi, nayo maziwa ni ya kina mama. Alfajiri pikapu huenda malishoni na kurudi na mitungi ya plastiki ya maziwa ya ngamia, na kufikia saa tatu hakuna tone lililobaki sokoni.

Yule mzee nilimkuta ameketi nje ya duka la mwanawe, ndevu nyekundu kwa hina. Nilimwita Adeer, yaani baba mdogo, naye akaniita Adeer vilevile. Huko mjomba na mpwa hurudishiana jina. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliuliza habari za nyonga, za mama, za mvua ya Mwingi, akaniagizia chai. Kiswahili chake ni kile cha "iko" na "hapana iko" ambacho baba alijaribu kukirekebisha kwa miaka kumi na minane akashindwa.

Kisha, bila karatasi, alinipa hesabu.

Yule mtamba, aliyeitwa Chaki kwa weupe wake, alizaa dume mwaka 2009. Dume hilo liliuzwa mwaka 2013. "Pesa ilikuja kwa simu ya mwalimu. Alisema ni ya karo ya binti yake, msichana ya magazeti."

Msichana wa magazeti ni mimi. Diploma yangu, ambayo nilidhani imelipiwa na mshahara wa baba, ililipiwa na ngamia ambaye nilikuwa nimesafiri siku nzima nikimkana. Nilinyanyua kikombe nikajificha nyuma yake.

Akaendelea. Mwaka 2012, jike. Mwaka 2015, ndama aliyeliwa na fisi. Mwaka 2018, jike tena. Hapo akanyamaza. Mvua ilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Adeer alimuuza yule jike wa 2018 kwa bei ya mbuzi ili anunue maji ya lori na chakula cha waliobaki. Hata hivyo Chaki alikufa Oktoba 2022. Alimtajia baba kifo hicho kwa simu, na baba hakutuambia. Katika ngamia zake mwenyewe, Adeer alibaki na chini ya nusu.

"Ya mwalimu imebaki tatu," alisema. "Jike ya 2012, dume yake ya 2019, na mtoto ya Aprili."

Kesho yake tulipanda pikapu ya maziwa hadi malishoni. Mvua ya Gu ilikuwa imenyesha na vichaka vilikuwa na majani. Kijana mchungaji aliita, na jike akageuza shingo, ndama mweupe akiwa chini ya tumbo lake. Nilimwambia Adeer kuwa nimetumwa niwauze wote.

Alikataa waziwazi. "Wewe ni binti yangu, lakini ngamia si yako. Mwalimu aseme."

Tulitafuta mtandao juu ya boneti ya gari. Baba alizungumza na Adeer kwa muda mrefu, kwa Kisomali ambacho sikujua kuwa anakimudu kiasi hicho, na mara mbili niliwasikia wote wawili wakinyamaza. Kisha akaniambia mimi: "Uza dume. Hao wengine waache."

Dume liliuzwa sokoni, na pesa zikaingia kwenye simu ya baba kabla sijafika Wajir. Hazikutosha. Zilizobaki ndugu zangu walizikopa katika chama chao cha akiba, na hadi leo mmoja wao akinipigia simu huanza kwa kuuliza kama bado tunafuga jangwani.

Nilirudi na mtungi wa lita tano wa maziwa yaliyochacha, susaa, ukinukia moshi. Baba alikunywa kikombe akiwa kitandani wodini, akafuta mdomo, akauliza ndama ana alama gani. Nikamwambia ni mweupe kabisa, na kwamba Adeer hajampa jina, anamngoja mwalimu.

Baba sasa anatembea kwa mkongojo. Jina bado hajatoa. Anasema anafikiria.