Baina ya Kutopingwa na Kutopingika



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza, kipindi kikikaribia kwisha, neno la Kiingereza "undisputed" hutafsiriwaje kwa Kiswahili. Nilimwomba anipe muda. Si kwamba nilikosa neno. Nilikuwa nayo matatu ulimini. Lakini miaka kadhaa iliyopita nililijibu swali hilo kwa haraka, na haraka yangu ikamfumba mtu kinywa.

Ilikuwa Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Kulikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa cha wafanyabiashara wa pande zote mbili. Nyumbani kwao husemwa Kiganda, Kihaya na lugha nyingine, ila sokoni wote hukutana katika Kiswahili. Katibu wao, kwa mazoea ya shule, aliandika mihtasari kwa Kiingereza, nami nikaombwa kuitafsiri ili wanachama wote waielewe. Sentensi moja ilieleza kwamba katika kikao kilichotangulia hesabu za mwaka zilisomwa na hapakutokea mzozo juu yake. Nikaandika: "Hesabu za mwaka hazipingiki." Nakiri kwamba nilipendezwa na mlio wake.

Katika kikao kilichofuata akasimama mama mmoja, muuza mchele kutoka upande wa Kagera. Kikao cha hesabu hakukihudhuria kwa sababu alikuwa msibani. Mkononi alishika stakabadhi za michango ya miezi miwili ambayo hakuiona katika hesabu. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliweka kidole juu ya karatasi yangu akasema, "Mama, hapa imeandikwa kwamba hesabu hazipingiki. Sasa wewe unapinga nini?" Yule mama akanitazama, maana wote walijua kwamba karatasi ile imetoka kwa mwalimu, kisha akaketi. Nami nikanyamaza. Baada ya kikao alinifuata chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, halafu akauliza: "Mwalimu, ni nani aliyesema kwamba haziwezi kupingwa?"

Hakuna aliyesema. Niliyeyasema hayo ni mimi, kwa silabi moja.

Tazameni silabi hiyo. Kitabu kisichosomwa ni kitabu ambacho watu hawakisomi. Pengine ni kizuri mno, kimelala tu kabatini. Kitabu kisichosomeka kimelowa maji au chapa yake imefutika. Hata mwenye hamu hawezi kukisoma. Katika sentensi ya kwanza kasoro iko kwa wasomaji, katika ya pili iko kwa kitabu. Ndivyo ilivyo pia kwa njia isiyopitwa na njia isiyopitika. Kauli ya kutendwa hutuarifu yale ambayo watu wamefanya au hawakufanya. Kauli ya kutendeka, inapokanushwa namna hii, huhukumu kitu chenyewe: hakiwezekani. Kwa hiyo hesabu isiyopingwa ni habari ya watu waliokuwa kikaoni, ilhali hesabu isiyopingika ni sifa ya hesabu, na sifa hiyo yahitaji ushahidi ambao mimi sikuwa nao.

Hata "isiyopingwa" ina hila yake. Kiambishi -si- katika tamko la namna hii hakibebi wakati. Hesabu zisizopingwa hazikupingwa jana, au hazipingwi kamwe? Neno halisemi. Ukitaka kumwachia nafasi atakayekuja kesho na stakabadhi zake, andika "hesabu ambazo hazijapingwa". Ile -ja- ni mlango ulioegeshwa bila komeo. Katika mihtasari, mikataba na taarifa za mipaka ya mashamba, mimi sasa huichagua karibu kila mara, hata sentensi ikirefuka.

Katika uraia tofauti hii si ya sarufi peke yake. Nchini Kenya, Jomo Kenyatta alipita bila kupingwa mwaka 1969 na 1974, na Daniel arap Moi mwaka 1979, 1983 na 1988. Wananchi hawakupigiwa kura ya urais hata mara moja katika miaka hiyo. "Bila kupingwa" ni tamko sahihi hapo, kwa kuwa hapakuwa na mgombea wa pili. Lakini tangu 1982 sheria ya nchi iliruhusu chama kimoja tu. Anayeandika kwamba Moi wa 1983 alikuwa "kiongozi asiyepingika" amegeuza mlango uliofungwa kuwa sifa ya aliye ndani. Tanzania ya 1965 yataka tamko jingine. Julius Nyerere alikuwa mgombea pekee, lakini mpiga kura alipewa nafasi ya kusema Ndiyo au Hapana. Zaidi ya asilimia 95 walisema Ndiyo. Waliobaki, wachache kama walivyokuwa, walimpinga, na kura zao zilihesabiwa. Kwa hiyo yeye aitwe "mgombea pekee". "Bila kupingwa" ingewafuta wale wachache.

Watangazaji wa ndondi nao hulipenda sana neno "asiyepingika". Mei 2024 Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh, akaikusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu. Kabla ya Juni kwisha alikwisha kuuachia mmoja. Jambo lisiloweza kupingwa halidumu wiki sita! Hapo maana ni kwamba hakuna mwingine mwenye mkanda wa kujiita bingwa, nami ningesema "bingwa asiye na mpinzani" au "bingwa pekee".

Ukweli wa hesabu, kwamba mbili na mbili ni nne, ndio uitwe usiopingika, au usiokanushika. Ardhi huitwa "isiyo na mgogoro", na kila afisa wa ardhi atakuelewa. "Kwa kauli moja" msiichanganye na haya yote: hiyo yadai kwamba watu walisema, wala haitoshi kwamba walinyamaza.

Jioni ile nilimrudia katibu, tukaandika upya: "Hakuna mwanachama aliyehudhuria aliyezipinga hesabu." Kikao cha tatu kilizipokea stakabadhi, na michango ya miezi miwili ikaonekana katika daftari la zamani la mweka hazina. Mama alirudishiwa haki yake mbele ya wote. Alipokwisha kuihesabu fedha, akaaga na kujitoa katika kikundi.

Zoezi la juma hili: tafsirini sentensi ya Kiingereza niliyoiandika ubaoni, ile ya mpaka wa mashamba mawili, kwa njia tatu. Chini ya kila tafsiri andikeni ni nani angeweza kusimama kikaoni baada ya kuisikia, na ni nani angelazimika kuketi.